Pini ya Kwanza na Pini ya Elfu Tatu

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi, nanyi wahitimu wa ufundi mitambo: asalaam aleikum, na kwa wote habari za asubuhi.

Nimekuja na vitu viwili, nimeomba viwekwe hapa mezani mvione. Cha kwanza ni bushi ya shaba, ile pete nene ambayo shafti huzunguka ndani yake, moja tu, nzito mkononi kama embe dodo. Cha pili ni sanduku la mbao lenye pini hamsini za chuma, zimepangwa safu kwa safu na kila moja ina namba yake. Bushi hii ni pacha wa bushi iliyonipa heshima. Pini hizi ni ndugu wa pini zilizonipa hasara kubwa kuliko zote tangu nifungue karakana yangu Tanga. Na bado bushi ndiyo iliyokuwa kazi ngumu. Pini, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaikereza kabla ya chai ya saa nne. Kwa nini kazi ngumu ilinibeba na kazi nyepesi ikaniangusha? Hilo ndilo lililonileta.

Nianze na bushi.

Kwetu mashamba ya mkonge bado yana mashine kongwe. Korona inayochakata mkonge inaweza kuwa na umri wa babu yako. Aliyeiunda hayupo, na mchoro wake haupo. Siku ikiharibika, msimamizi anakuja na bushi iliyolika upande mmoja, imeviringishwa kwenye gunia, anasema: "Fundi, nataka kama hii." Mtego wa kwanza uko kwenye maneno hayo, "kama hii". Ukimchongea kama hii utampa bushi iliyolika. Kazi yako ni kuisoma hiyo bushi iliyokufa ujue ilikuwaje siku ilipozaliwa. Unapima sehemu ambayo shafti haikuigusa. Unakwenda shambani kupima shafti yenyewe. Ukipata milimita 50.7 usikimbilie kuandika 50.7. Uliza kwanza mashine ilitoka wapi. Mashine ya zamani ya Uingereza ilichorwa kwa inchi, na inchi mbili ni milimita 50.8. Basi shafti ilizaliwa inchi mbili, na tangu hapo imelika mikroni mia moja, yaani milimita 0.1. Sasa unajua unachonga kitu gani, na unaamua kama bushi ifuate shafti ilivyokuwa au ilivyo leo.

Hesi za bolti, yaani nyuzi zake, nazo zina ukoo. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza nyuzi zenye pembe ya digrii 55, na karakana za Uingereza zikazifuata. Nyuzi za milimita tunazofundishwa leo zina digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi, ya Kimarekani ya unene uleule ina nyuzi 13. Nati ya hii ukiiweka kwenye ile inaingia vizuri mizunguko miwili, halafu inagoma. Kijana asiyejua anatafuta spana ndefu zaidi. Anayejua anairudisha na kuchukua kipimo cha nyuzi. Nimeona shafti nzuri ya chuma cha EN24, chuma cha bei, ikiharibiwa kwa dakika moja kwa sababu ya spana ndefu.

Halafu kuna chuma chenyewe. Mara nyingi mteja analeta pande lake kutoka kwa wauza vyuma chakavu, hana karatasi yoyote. Hapo jiwe la grainda linakuwa mwalimu. Gusisha kidogo, tazama cheche. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, chuma chenye kaboni nyingi cheche zake zinapasuka kama nyota. Haikupi jibu la maabara, lakini inakuzuia kuweka chuma cha nondo mahali pa chuma cha gia.

Na kuna joto. Fundi aliyenilea, Mungu amrehemu, alinikuta siku moja nimemaliza kukereza bushi ya shaba ya milimita 80 na papo hapo naipima. Nilimwamkia, "Shikamoo fundi," akaitika marahaba, akaweka kiganja chake juu ya bushi, akasema: "Mwanangu, hapo unapima moto, hupimi shaba." Nilikasirika kimoyomoyo. Kesho yake asubuhi bushi ilikuwa imepungua, inacheza kwenye tundu lake. Miaka mingi baadaye nilipiga hesabu: shaba ya unene huo ikipanda joto kwa digrii 40 inatanuka zaidi ya milimita 0.05. Vipimo vyote vya ufundi duniani vimewekwa kwa joto la digrii 20, na sisi pwani tunafanya kazi kwenye 32. Chuma kikipimwa kwa kifaa cha chuma, vyote viwili vikiwa na joto moja, vinatanuka pamoja na kosa ni dogo. Shaba na alumini zinatanuka kwa mwendo wao. Tangu siku ile, katika karakana yangu, kipande kilichotoka kwenye kisu kinapumzishwa kabla ya kupimwa.

Nimekaa muda mrefu kwenye bushi makusudi. Mnaona ni maamuzi mangapi yamefanyika, na yote yamefanyika na mtu mmoja, akiwa amesimama mbele ya mashine, kisu kikiwa tayari. Anasikia sauti ikibadilika, anapunguza mwendo. Anaona rangi ya chenga, anaongeza maji ya kupozea. Katika kazi ya kipande kimoja, akili yote imekaa mkononi mwa fundi. Na katika hilo mafundi wetu wana kipaji kikubwa, tena nalisema kwa fahari. Maisha yametufundisha kutengeneza kisichokuwa na kipuri dukani.

Sasa pini.

Mteja mmoja alikuwa anaunda minyororo ya kubebea magunia ghalani. Alitaka pini 3,000. Unene milimita 20, zizunguke ndani ya bushi bila kukwama na bila kulegea: isizidi 19.980, isipungue 19.959. Nafasi ya kukosea ni mikroni 21. Kwa fundi mzoefu kwenye mashine nzuri hiyo si ajabu. Nilikereza ya kwanza mwenyewe, ikatoka 19.970, katikati kabisa. Mteja akaipima, akafurahi, akatia saini. Nikaweka vijana wawili kwa zamu mbili, nikaenda kutafuta kazi nyingine.

Wiki tatu baadaye mzigo ulirudi wote. Wajenzi wake walichukua pini kutoka juu ya pipa zikaingia, wakachukua kutoka katikati zikagoma, wakachukua kutoka chini nyingine zikaingia na kutikisika. Kwa kuwa tulikuwa tumezitupa zote katika mapipa mawili bila namba wala tarehe, hakuna aliyeweza kusema nzuri ni zipi. Tukapima zote 3,000, moja moja, usiku na mchana. Zaidi ya elfu zilikuwa nje ya kipimo. Nene tukazisugua kwa msasa kwenye mashine, kila moja ikila muda mrefu kuliko kukereza mpya. Nyembamba zikaenda kwenye chakavu.

Niliwalaumu wale vijana. Leo nasema mbele yenu kwamba niliwaonea. Mmoja wao sasa ndiye msimamizi wa karakana yangu, na mengi ninayosema hapa tuliyagundua pamoja naye, tumeketi juu ya mapipa yale.

La kwanza tulilogundua: nilikuwa na maikromita moja, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, nami niliondoka nayo. Vijana walipima kwa vernia, kipimio cha kutelezesha kisicho kikali hivyo. Vernia ile inasoma hatua za milimita 0.02, yaani mikroni 20, na nafasi yote ya kukosea ilikuwa mikroni 21. Ni sawa na kumwambia mtu apime unene wa unywele kwa rula ya shule. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba kifaa cha kupimia kiwe kikali mara kumi kuliko nafasi uliyopewa. Niliijua. Kwa bushi moja sikuhitaji kuisema, kwa sababu mpimaji nilikuwa mimi.

La pili ni kisu. Kisu kinakwisha taratibu, na kikipungua nchani pini inanenepa. Pini ya kumi huoni kitu. Pini ya mia mbili imepanda mikroni kadhaa. Mmarekani Frederick Taylor alitumia miaka 26 kukata chuma na kuandika alichokiona, akachapisha mwaka 1906, na jambo kubwa alilotuachia ni kwamba kifo cha kisu kina hesabu. Kwa visu vya chuma cha kasi, ukiongeza mwendo kwa asilimia 10 tu unaweza kupoteza karibu nusu ya maisha ya kisu. Vijana wangu walitaka kuwahi, wakaongeza mwendo. Hakuna aliyewaambia kisu kibadilishwe baada ya pini ngapi. Walisubiri hadi kipige kelele, kama tunavyofanya sote kwenye kipande kimoja.

La tatu lilinishangaza zaidi. Kijana wa zamu ya usiku alikuwa mwangalifu mno. Alipima kila pini, na kila akiona imezidi kidogo au imepungua kidogo, aligeuza gurudumu kuirekebisha. Akiona nene anasogeza kisu mbele, inayofuata inatoka nyembamba, anarudisha nyuma. Kila mashine ina kutikisika kwake kwa asili. Ukikimbizana na mtikisiko huo unauzidisha. Pini zake zilitawanyika kuliko za mwenzake aliyekuwa mvivu wa kupima. Walter Shewhart wa Marekani aliliona jambo hili mwaka 1924, akachora mchoro wenye mistari miwili ya mpaka: kipimo kikicheza ndani ya mistari, kiache, kikitoka, au kikianza kuelekea upande mmoja mfululizo, hapo simama utafute sababu. Karatasi ya mraba na kalamu ya risasi vinatosha. Sisi hatukuwa na karatasi.

Basi tukafikia neno ambalo nimelibeba miaka yote hii. Katika kazi ya kipande kimoja akili inakaa mkononi. Katika kazi ya vipande elfu, mkono unachoka, unabadilishwa zamu, unawaza ada ya mtoto. Akili lazima itolewe mkononi na kuwekwa ndani ya vitu: ndani ya jigi inayoshika kipande mahali pake, ndani ya geji inayokipima, ndani ya karatasi iliyobandikwa kwenye mashine. Na iwekwe humo kabla ya kipande cha kwanza kukatwa.

Watu wa pwani tuna mfano mzuri. Fundi wa majahazi anachonga kapi lake, lile la kupitishia kamba za tanga, moja moja, kila kapi na mti wake, na kazi yake haina mpinzani. Lakini miaka ya mwanzo ya 1800, jeshi la majini la Uingereza lilihitaji makapi zaidi ya 100,000 kila mwaka, na meli moja kubwa ya vita peke yake ilikula karibu elfu. Kule Portsmouth, Marc Brunel aliyezaliwa Ufaransa alibuni mashine, Henry Maudslay akazichonga, 45 kwa jumla, kila moja ikifanya hatua yake tu. Kufikia 1808 zilitoa makapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wasio mafundi walifanya kazi iliyohitaji mafundi 110. Wapo wanaosikia habari hiyo wakaona ufundi umeuawa. Mimi naona ufundi wa Maudslay umehamia ndani ya mashine 45. Bila fundi wa kiwango chake zisingekuwepo.

Tuliporudia kazi ya pini kwa gharama yetu, kitu cha kwanza tulichochonga hakikuwa pini. Tulichonga geji ya chuma kigumu yenye midomo miwili. Mdomo mmoja una milimita 19.980, pini lazima ipite. Mwingine una 19.959, pini isipite. Kijana hasomi namba yoyote, habishani na macho yake saa nane ya usiku. Inapita hapa, inakataa hapa, nzuri. Na tulichonga mbili zinazofanana, moja tukampa mteja. Ugomvi wetu ulikwisha siku hiyo, kwa sababu sasa tulikuwa na mdomo mmoja wa kuzungumzia.

Geji yenyewe ilipimwa kwa kifaa gani? Kwa vipande vya Johansson, vile vibao vidogo vya chuma vinavyong'aa kama kioo. Naipenda sana habari ya mtu huyu. Carl Edvard Johansson alikuwa fundi katika kiwanda cha bunduki Eskilstuna, Sweden. Mwaka 1894 alitumwa Ujerumani kwenye kiwanda cha Mauser, akaona kila kipimo kina kipande chake cha chuma, makabati kwa makabati. Akiwa kwenye treni kurudi nyumbani akapata wazo: vipande 102 tu, vikiunganishwa kwa namna mbalimbali, vinaweza kutoa vipimo kama 20,000. Akavisugua nyumbani kwake, kwa cherehani ya mkewe aliyoigeuza mashine ya kung'arishia. Ninyi mnaomaliza leo bila mtaji, mkumbukeni Johansson na ile cherehani.

Sasa bei, maana wazazi mko hapa, nanyi mnataka kujua kama kazi hii inalisha. Mteja atakuuliza: "Mbona bushi moja unanitoza hivi, na fulani alichonga mia kwa bei ya chini?" Mwonyeshe hesabu. Tuseme kufunga chaki, yaani kishikio cha kipande kwenye mashine, kupanga visu na kupima kwa majaribio kunachukua saa tatu, na kipande chenyewe kinakatwa dakika mbili. Kipande kimoja ni dakika 182. Vipande mia, kila kimoja kinabeba chini ya dakika nne. Vipande elfu, kila kimoja ni dakika mbili na ushei. Muda ni uleule wa maandalizi, umegawanywa tu. Fundi asiyejua hesabu hii anatoza bei moja ya kukisia kwa kazi zote, na anakufa maskini hali mashine inazunguka kila siku.

Ukiielewa utaona pia kwamba pesa iko kwenye zile saa tatu. Kule Toyota mwaka 1969 walikuwa na mashine kubwa ya kukandamiza mabati, ya tani 1,000, iliyochukua saa nne kubadilisha kalibu. Shigeo Shingo na wenzake waliishusha hadi saa moja na nusu, kisha, walipoambiwa bado, hadi dakika tatu. Siri yao ya kwanza haikuhitaji fedha. Walitenganisha mambo yanayolazimu mashine isimame na yale yanayoweza kufanywa ikiwa bado inazunguka. Nendeni kwenye karakana yoyote hapa mjini mkatazame: mashine imesimama, na fundi anatafuta ufunguo wa chaki. Mimi nilipima kwangu. Kati ya saa tatu zetu, zaidi ya saa moja ilikuwa ya kutafuta vitu. Tulipiga misumari ukutani, tukachora umbo la kila kifaa kwa rangi nyekundu, saa ile ikarudi.

Mtaniuliza kuhusu CNC, mashine zinazoongozwa na kompyuta. Tangu mashine ya kwanza ya kuongozwa kwa namba ionyeshwe MIT, Marekani, mwaka 1952, mlango wa katikati umefunguka: kazi za vipande thelathini, hamsini, mia mbili, ambazo zamani hazikumfaa mtu yeyote. Jifunzeni kwa bidii. Lakini kisu cha CNC nacho kinakwisha, na shaba yake nayo inatanuka. Programu mbovu itatoa pini mbovu elfu tatu zinazofanana kabisa.

Nchi hii ilijenga kiwanda cha zana za mashine Moshi, KMTC, kwa msaada wa Bulgaria. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973. Mashine tumekuwa nazo, na mikono tunayo. Oda za maelfu bado zinakwenda ng'ambo, na nilipowauliza wateja wangu sababu, wachache walitaja bei. Wengi walisema: "Fundi, ya kwanza huwa nzuri." Maneno hayo yaliniuma kuliko mapipa yale mawili.

Ndiyo maana nimeleta sanduku hili. Baada ya hasara ile, mimi na yule kijana tulichukua ufito uleule wa chuma na kisu kipya, tukakereza pini hamsini mfululizo bila kugusa gurudumu hata mara moja. Kila moja tukaigonga namba kichwani. Mwalimu wenu amekubali kunipa nusu saa, kuna maikromita tatu mezani, na karatasi ya mraba nimeibandika ukutani. Mpime kuanzia namba moja hadi hamsini, muweke nukta kwa kila pini. Mtaona kisu kikizeeka. Na kati ya pini ya 31 na ya 32 mtaona nukta zinaruka, na kisu hakihusiki na mruko huo. Atakayeniambia tulikwenda wapi kati ya pini hizo mbili, namkaribisha Jumatatu karakana.